Gari Lililoshiba kwa Mama Mkwe

Bigwa, Morogoro
19 Agosti 2025

Kwa dada yangu Modesta,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, goti limepungua uvimbe, na wajukuu wamekuachia nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Baridi ya Agosti imeteremka mlimani kama kawaida yake, na mimi nimekohoa wiki moja tu, ambayo kwangu ni nafuu. Kuku wa wifi yako, marehemu Rahel, wamebaki watano. Wa sita nilimchinja mwezi wa saba, siku ya misa yake ya mwaka, na mpaka leo nina wasiwasi kwamba nilimchinja yule aliyempenda.

Utauliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Dada, usikasirike, lakini mimi na wewe tukiwa kwenye simu mmoja huongea na mwingine huitikia, na anayeitikia huwa ni mimi. Jambo hili nataka nilifikishe mwisho. Kwa hiyo barua nampa Elia wa parokiani, ambaye Alhamisi anakuja huko Ngerengere kuwaona shemeji zake.

Ni habari ya gari. Pasaka tulipokutana pikapu yangu ilikuwa imeshakufa, na wewe ukakubali kuuza mitiki ya mama, mimi nikaongeza kilichobaki kwenye kiinua mgongo changu, ili tununue gari la umeme la kuwabeba watu wa Mgeta kule mlimani: masista, walimu, wajawazito wanaoteremka hospitali. Ulisema tununue lile la kawaida, na kitakachobaki tuezeke upya nyumba ya mama kule Nyandira kabla ya mvua za vuli. Ni kweli nyumba ile ni ya ukoo na mabati yamechoka. Kwenye msiba wa mjomba watu walikaa sebuleni wamefungua miamvuli. Maneno yako niliyaandika nyuma ya kalenda.

Basi nilikwenda kwenye maonyesho ya Nane Nane nikiwa na nia hiyo moja. Nilikuta magari mawili meupe yamesimama bega kwa bega, nikadhani ni pacha. Muuzaji wake, binti anayeitwa Shamimu aliyetoka Dar, ana subira ya sista wa wodini. Alinieleza kwamba betri ni ile ile na mota ni ile ile, ila moja ni la kawaida na lingine ni fulu, maana limejazwa kila kitu. Nikauliza tofauti ya bei. Aliponitajia nikapiga hesabu kimoyomoyo: ilikuwa ni mabati yote ya nyumba ya mama, misumari yake, na fundi wa kuyapigilia.

Mwanao Innocent alinisindikiza. Nadhani ualimu wa Kihonda unamlipa kwa picha, kwa sababu kabla sijamaliza kusalimia alikuwa ameshajipiga picha tisa ndani ya lile fulu. Aliniambia mjomba usituaibishe, ukichukua la kawaida watu watadhani umerudishiwa chenji.

Shamimu akaanza kunitembeza. Fulu lina paa la kioo. Nikamuuliza matenga ya karoti nitayafunga wapi. Aliangalia kioo, akaniangalia mimi, akasema kioo kile si cha karoti, ni cha kutazamia nyota. Nikamwambia nyota nimeshaziona. Lina taa ndani zinazobadilika rangi sitini na nne, nikauliza ipi ni ya kumbebea mgonjwa. Lina kamera pande zote, ukitaka unaona kilichopo kushoto kwako, nikamjibu kwamba kwenye barabara ya Mgeta najua vizuri kilichopo kushoto, ndiyo sababu siangalii. Halafu akafungua mlango wa mbele akanionyesha kiti cha abiria. Kile kinalala kama kitanda na kinakanda mgongo. Cha dereva hakikandi. Nikauliza ni nani huyo aliyeunda gari ambalo anayefanya kazi hapati kitu, na Shamimu akasema huenda ni mtu aliyeoa.

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshachagua la kawaida. Nakuapia. Ningelipa siku ile ile kama Shamimu mwenyewe asingesema kwamba mtu wa mlimani asinunue gari kwenye uwanja wa tambarare, twende tulijaribu kwenye mteremko. Kati ya yale mawili, lenye namba za majaribio lilikuwa fulu peke yake. Hivyo Jumamosi, maonyesho yalipokwisha, tukapanda nalo Nyandira, mimi, Shamimu na Innocent.

Gari lile linasema, dada. Linasema kwa Kiingereza, sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kupishana na lori la kabichi. Kuanzia Mlali aliniambia nirudi kwenye mstari wangu, na barabara ile, wewe unaijua, haina mstari wangu wala wa mtu mwingine. Kila kuku aliyekatiza, gari lilijifunga breki lenyewe. Tulipopita Langali Innocent alikuwa ameshagonga pua mara tatu kwenye kiti cha mbele, na kusifia kwake kukapungua.

Tulifikia kwa mama mkwe. Alitoka nje akasikia ile sauti, akauliza ni nani huyo anayemgombeza mkwe wake. Nikamwambia mama, ni gari. Akasema hata Rahel hakuwahi kunisema hivyo mbele za watu. Halafu akauliza linakula nini. Shamimu akamjibu ni umeme. Mama mkwe aliingia ndani, akarudi na ekstensheni ndefu ya kwaya, ile ya spika za harusi, akatuamuru tulichomeke.

Hapo Shamimu alinivuta pembeni. Akanionya kwamba tusilijaze, betri ikifika asilimia themanini tuchomoe. Gari la umeme likiteremka mlima, mota ndiyo inayolishika, na kule kushika kunarudisha umeme kwenye betri. Betri ikiwa imejaa, ule umeme hauna pa kwenda, na sisi tutabaki na breki za kawaida peke yake, zichemke kwenye kona zote zile mpaka Mlali. Nilielewa vizuri sana. Lakini niambie, dada yangu, mkwe anasimama wapi kumwambia mama mkwe aondoe sahani kabla mgeni hajashiba? Miaka thelathini na minne nimekula kwenye nyumba ile na sijawahi kuukataa ugali wa mara ya pili. Nikamwomba Innocent amwambie, akasema yeye ni mpwa tu, pale hana mdomo. Shamimu akajitosa mwenyewe. Mama mkwe alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akamwambia mwanangu, labda huko kwenu Dar wageni wanaondolewa mezani kwenye themanini.

Asubuhi tulikuta gari lina mia. Umeme wa Luku wa nyumba nzima ulikuwa umeisha, chai imechemshwa kwa kuni, na mama mkwe amefurahi kama aliyemlisha askofu.

Kwa hiyo Jumapili hatukuweza kuteremka. Shamimu alisema hakuna njia, ile shibe lazima tuipunguze kwanza. Baada ya misa tuliliegesha pembeni ya kanisa, naye akafungua kila kilichomo: joto mpaka mwisho, muziki, taa zote sitini na nne kwa zamu, na kile kiti kikaanza kukanda hewa. Watu waliotoka kanisani hawakwenda nyumbani. Katekista Tomasi alisema aingie yeye kwanza kuhakikisha kama kiti kinafaa kwa waumini. Alihakikisha kwa dakika mbili akalala usingizi, akakoroma, na mkewe ndiye aliyemtoa. Ikapangwa foleni. Mzee mmoja akauliza kama kiti kinafika magotini. Wanawake wanaobeba karoti kichwani waliingia mmoja mmoja wakikaa wima kama wanaopigwa picha ya kitambulisho, kisha mabega yakaanza kushuka polepole, na kila mmoja alitoka akiwa mpole. Ile namba kwenye skrini ilikuwa inashuka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuungama. Mpaka saa saba mchana tulikuwa tumepunguza sita tu.

Mwishoni wakamwingiza mama mkwe. Mimi nilisimama nje karibu na dirisha, nimempa mgongo, kama inavyotakiwa. Alijilaza hata nikadhani na yeye amelala. Kisha akaanza kusema, taratibu, bila kunitaja jina.

Alisema kumbe viti vya namna hii vipo. Alisema ningekuwa na kiti hiki, Rahel asingekuwa anashuka Langali.

Dada, wewe unajua wifi yako alivyokuwa. Kila tulipopanda Nyandira na pikapu, tukifika Langali aliniambia nimshushe, anamsalimia rafiki yake, mimi nitangulie. Alifika kwa mama yake baada ya saa mbili, kwa miguu, kanga imejaa vumbi. Nilikuwa namtania mezani kwamba ana marafiki wengi Langali kuliko paroko, naye alikuwa anacheka. Mama mkwe ameniambia hakukuwa na rafiki. Ni mgongo. Tangu uzazi wa mwisho alikuwa hawezi kuvumilia kile kiti mpaka juu, na kutembea kulikuwa kunamuuma kidogo kuliko kukaa. Alimkataza mama yake asiniambie, kwa sababu nilikuwa naisifia sana ile pikapu.

Na kweli niliisifia. Siku tuliyoinunua kule Msamvu, pikapu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na viti vya sponji, nyingine ilikuwa na benchi la chuma limefunikwa kwa plastiki. Muuzaji akauliza ipi, nikasema kiti ni kiti, nikachukua ya benchi. Rahel alikuwa amesimama ubavuni kwangu, ameshika bahasha ya karatasi zangu kwa mikono miwili ili upepo usizichukue. Sikumwuliza. Haikunijia hata kumwuliza.

Tuliteremka saa tisa alasiri, betri ikiwa imefika tisini na Shamimu amesema inatosha. Gari lilishikwa vizuri kwenye kona zote, tukafika Mlali na umeme ule ule tulioondoka nao, na Shamimu akafurahi. Mimi sikuwa nasikiliza, hata yule mwanamke wa Kiingereza alipokuwa ananisema.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Jumatatu asubuhi nilikwenda mjini nikalipa malipo ya kwanza. Nimelipia fulu.

Nilimwuliza Shamimu kama naweza kupewa la kawaida likiwa na kile kiti peke yake. Innocent akacheka, akasema hiyo ni kama kuomba mke bila wakwe. Kiti hakiji mpaka kije na kioo chake, rangi zake sitini na nne na kamera zake. Naweza kukuandikia ukurasa mzima kuhusu wajawazito wa Nyandira na mgongo wa Sista Esther, na yote yatakuwa kweli. Lakini ningekuwa nakudanganya nikisema nilikuwa nawafikiria wao nilipotoa pesa. Najua kiti hakimpunguzii Rahel hata hatua moja ya ule mlima. Najua hivyo kabisa, na bado mkono ulisaini.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejipenda. Nilijiona mwanaume aliyejifunza kuuliza. Nilikuwa nimemwuliza mama mkwe, nimewauliza wanawake wa karoti, nimemwuliza Tomasi alipoamka, wote wakasema kiti. Nikiwa nawatupia kuku mahindi ndipo nikakumbuka kwamba mitiki ilikuwa nusu yako, na mwenye nyumba ile, kwa mila zetu za kurithi upande wa mama, ni wewe na watoto wako. Wewe sikukuuliza. Siku moja tu baada ya kujua nilichomfanyia mke wangu, nilikufanyia na wewe. Wiki nzima nimekuwa naona aibu kuandika.

Shamimu anasema mpaka mwisho wa mwezi naweza kubadili nikachukua la kawaida na hakuna kitakachopotea. Kwa hiyo barua hii si ya kukuarifu, dada. Nakuuliza. Ukisema la kawaida, nitakwenda kubadili siku hiyo hiyo, mabati yatapanda Nyandira kabla ya vuli, na hutaniona nimenuna. Ukisema fulu, nyumba ya mama itangoja mwaka mmoja, na nitaiezeka mimi kwa kazi ya gari hilo. Usinihurumie kwa sababu ya msiba. Mwaka umepita na nimeanza kuzoea kupika kwa mtu mmoja. Sema unachokitaka wewe.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Innocent anakuamkia, pua imepona. Mama mkwe ananiambia nikusalimie, na kwamba ukija kwake uje na njaa.

Ukipiga magoti jioni, unikumbuke.

Mdogo wako,
Kasimiri