Pingamizi la Bibi Harusi

Igowole, 2 Juni 2024

Mwanangu Bertha,

Kamwene. Sisi wazima, mama yako anakusalimu. Huko Mbeya baridi inawaonaje? Leo kanisani limesomwa tangazo la kwanza la ndoa yako na Lugano. Nusura niruke!

Halafu sikia: majibu ya damu yangu yametoka. Tangu nigundulike kuwa na saratani hayajawahi kuwa mazuri hivi. Vidonge vinafanya kazi, mtoto wewe! Nitakupeleka madhabahuni kwa miguu yangu. Tatizo ni kilima cha kanisa tu, siku hizi kimekuwa kirefu. Leo nimesimama mara tatu kufunga kamba za viatu.

Baba yako, Aroni

Mbeya, 5 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika na basi la jana. Nimefurahi mpaka nimeunguza mboga.

Lakini mama kanipigia. Anasema kulikuwa na matope, ukavaa mabuti ya mvua. Mabuti ya mvua yana kamba tangu lini, baba? Sema pumzi zilikuishia.

Nimemuuliza nesi wa hapa anayehudumia wagonjwa kama wewe. Anasema mwenye saratani ya damu ya muda mrefu yuko hatarini zaidi kuugua moyo, na baadhi ya vidonge huongeza hatari hiyo. Damu kutulia si moyo kupona. Vidonge usiache, ila nenda kapimwe moyo. Usipoenda utaniona.

Mwanao

Igowole, 16 Juni 2024

Bertha!

Salamu baadaye. Tangazo la tatu, kanisa limejaa, Mchungaji anasema ndoa imesimamishwa, kuna pingamizi. La nani? La bibi harusi mwenyewe! Mpaka baba yake apimwe moyo! Mama yako kacheka mpaka kashika benchi.

Nilijua damu ikiwa nzuri, moyo utaumwa na nini? Sasa wazee wa kanisa wamenikalia kooni, kesho wananipeleka hospitali. Umenipatia, mtoto wewe.

Baba yako

Igowole, 21 Juni 2024

Mwanangu,

Kamwene sana. Nimepimwa. Mshipa wa moyo umebana. Daktari kanibadilishia vidonge vya damu, kaongeza vya moyo. Anasema tumewahi! Ningeendelea kubisha, labda ningeanguka nimekushika mkono. Nililia pale pale, Bertha, mbele ya wazee wa kanisa, na sikuona aibu.

Anataka nipumzike miezi miwili. Mwombe Lugano radhi, kisha pangeni tarehe nyingine. Yoyote ile, mimi nitakuwepo.

Baba yako