Magamba ya Ukutani

Dunfearn, Uskoti
9 Machi

Dada Elspeth,

Mvua haijakatika, na paka wako kazaa tena.

Nimeubomoa ule ukuta wa ngome, ule wanaosema babu yetu wa kale, mwashi, alimzibia ndani mke wa bwana wake akiwa hai, na mzimu wa mama huyo unalia mpaka leo. Nimekuta magamba ya chaza wa baharini tu, hakuna hata mfupa wa mtu. Waashi walikula mchana, wakatupa humo. Miaka mia sita ya upuuzi.

Ninian, mwenye ngome, akachungulia. “Ziba, Wattie. Watalii hawaji kutazama magamba.”

“Na sisi tunaoitwa wauaji?”

“Ah, nyie mmeshazoea.”

Baba alihudhuria kila maziko hapa kijijini, na hakuna hata mfiwa mmoja aliyempa heshima ya kushika kamba ya kushushia jeneza. Waliogopa mikono ya ukoo wetu.

Jumanne tumemzika Baba. Nisamehe, nilishindwa kuanza na hilo. Ninian alikuja na koti lake jeusi, akanyoosha mkono apewe kamba ya kwanza, kama haki yake. Badala ya kamba nikamwekea gamba kiganjani, nikawaambia watu wote nimelitoa wapi.

Ukuta sijauziba.

Mdogo wako,
Wattie