Shemeji, Kabla Hujaichukua Pikipiki

Shemeji yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mama, na kwamba magoti yake yamepunguza kumsumbua tangu mvua zilipokatika. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mkubwa ameingia darasa jipya na sasa anajiona msomi, ananisahihisha hata ninavyotamka maneno. Mdogo ameota meno ya mbele, mapana kama ya baba yake, na akicheka inabidi nigeuze uso. Mimi nipo na cherehani yangu. Huu ni msimu wa sare za shule, kwa hiyo sina nafasi hata ya kujikuna.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu tunazo. Nimejaribu kukupigia mara kadhaa. Kila ukipokea unaanza utani wako, unaniuliza kama nimeshanenepa au bado nafanana na uzi ninaoshonea, nami nacheka, halafu naishiwa nguvu ya kusema nililokusudia. Basi nimeona niandike. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na hiyo kwako ni adhabu tosha. Nimempa dereva wa basi akufikishie mkononi, na nimemsisitiza asimpe mama.

Ujumbe wako wa kuomba pikipiki ya kaka yako niliupata. Ulieleza kwamba umechoka kuendesha ya mtu mwingine, kutwa nzima juani halafu jioni unamrudishia mwenyewe ufunguo na kubaki unajifuta vumbi. Ombi lako halina ubaya. Pikipiki ile ipo nyuma ya nyumba chini ya turubai, na kuipita kila asubuhi nikienda bafuni ni sawa na kuamkia msiba upya. Nilikuwa tayari kukujibu uje uichukue.

Kilichonizuia ni neno ulilonijibu baadaye, nilipokuuliza kama unavaa helmeti. Ulicheka. Ulisema inakutoa jasho na inakuziba masikio usimsikie abiria. Kisha ukasema, kama ni lori, hata mtu ajifunike sufuria la chuma litamsaga tu, na kwamba kaka yako lori ndilo lililompata, helmeti ingemfanyia nini. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Shemeji, uzi ule haukuingia tena siku ile.

Unamjua kaka yako, lakini ulimjua kabla hajaanza kazi ya pikipiki, kwa hiyo ngoja nikueleze alivyokuwa huku. Kituoni walimbandika jina la Taratibu. Wajawazito walimngoja yeye, wazee walimngoja yeye, na mwalimu mmoja mwoga aliyekuwa akifumba macho safari nzima hakukubali kupanda ya mtu mwingine. Wenzake walimtania kwamba hata bata akimwona anajua ana muda wa kuvuka, kurudi na kuvuka tena. Naye alijivunia hilo. Helmeti kwake ilikuwa kitu cha wenye haraka zao. Mtu mpole kama yeye aivae ya nini?

Na si yeye peke yake. Pale kituoni wote wanazo, nzuri kabisa, lakini zinakaa kwenye kiwiko. Mtu anaipachika mkononi kama mama anavyopachika kikapu, anaendesha nayo hivyo hivyo mpaka karibu na mzunguko wa barabara kuu, mahali trafiki wanaposimama. Hapo ndipo inapanda kichwani. Ukishawapita trafiki inarudi kwenye kiwiko. Wanajuana kwa ishara: anayetoka huko akimgongea mwenzake utosi kwa kiganja, maana yake wapo, vaa. Asipogonga, njia ni shwari. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka nikiwaona. Nilidhani ni ujanja, na kwamba anayedanganywa ni trafiki.

Kwa kuwa ipo mkononi, basi ikageuka kuwa mfuko. Humo wanatia simu, vitunguu, mkate, viatu vya abiria kukiwa na matope. Nimewahi kumwona mmoja wao akibebea kifaranga. Kaka yako alikuwa akirudi nyumbani hakosi kitu ndani ya helmeti, na watoto walishazoea kuichungulia kabla hata ya kumwamkia.

Siku ya ajali, tulipomfikisha hospitali, muuguzi aliyetupokea aliuliza jambo moja kabla hajauliza hata jina. Aliuliza kama alikuwa amevaa helmeti. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nguo zangu zimelowa matope. Mwenyekiti wa kituo chao, aliyekuja kunisaidia kumbeba, ndiye aliyejibu kwamba hapana. Muuguzi alifumba macho kidogo tu, kisha akaendelea na kazi yake. Muda mfupi baadaye simu yangu ililia, ukawa ni wewe, na kwa kuwa sikuweza kuongea mwenyekiti akaipokea. Nilimsikia akikwambia kwamba ni lori.

Sikumlaumu, na leo simlaumu. Alikuwa akilia huku anaongea. Nadhani aliona ni afadhali ndugu yako awe amepambana na kitu kikubwa. Kesho yake kaka yako alipokata roho, lori lilikuwa limeshatangulia huko kwenu kabla ya maiti. Kufika siku ya mazishi lilikuwa na rangi ya bluu. Baadaye likawa limekatika breki, na mjomba wenu mmoja akawa anamjua hadi mwenye nalo. Nilikuwa nimekaa mkekani nasikiliza lile lori likikua, nikajitia sisikii. Wewe mwenyewe ulipotoka kumwosha ulinivuta pembeni ukaniuliza mbona lori halikumvunja hata kidole. Nilikujibu kwamba Mungu hakutaka tumwone vibaya. Ukaamini, ukanikumbatia.

Sasa sikiliza. Hakukuwa na lori. Hakukuwa na gari la aina yoyote. Kaka yako alianguka mbele ya mlango wake, nami nilikuwa nimesimama hapo hapo namtazama.

Unaukumbuka ule mfereji unaopita mbele ya nyumba, na bamba la zege tunalovukia. Ilikuwa alasiri, manyunyu yametoka kukatika. Nilisikia mlio wa pikipiki nikatoka kumpokea. Alikuja polepole kama kawaida yake, mwendo wa mtu anayesukuma mkokoteni. Helmeti ilikuwa kwenye kiwiko cha kushoto na ndani yake alikuwa amepanga mayai, amelaza koti lake chini yasigongane. Aliponiona aliiinua kidogo anionyeshe. Alikuwa anatabasamu. Gurudumu la mbele likapanda lile bamba, likateleza, pikipiki ikalala upande wa kushoto bila kelele. Mtu yeyote angetua kwa mkono, shemeji. Hata mtoto akianguka hutanguliza mikono. Yeye mkono ule aliunyanyua juu. Aliunyanyua mayai yasipasuke, na kichwa kikatua kwenye ukingo wa zege.

Nilidhani ananitania. Nilimwambia ainuke aache mchezo, majirani wanaangalia. Nilipompindua macho yalikuwa wazi na hayanioni. Alikuwa amekata kauli pale pale. Hakuwa na mchubuko mahali pengine, na pikipiki utaiona mwenyewe, imepasuka kioo kimoja cha pembeni, basi.

Mayai yalibaki mazima yote. Jirani aliyebaki na watoto aliyakuta humo humo ndani ya helmeti, akayakaanga, akawalisha. Niliporudi kutoka hospitali nilipewa na mimi sahani, nikala nikidhani yametoka kwake. Nilipojua, nilikimbilia nje. Tangu siku hiyo sijaweza kuyatia mdomoni, na watoto nimewaambia kwamba yananidhuru.

Daktari alinieleza baadaye, kwa upole sana, kwamba kwa mwendo ule na kimo kile, kama helmeti ingekuwa kichwani, kaka yako angeinuka, angejipangusa matope, na angelalamika kuhusu suruali. Ndivyo alivyosema, suruali. Nimelibeba neno hilo peke yangu. Nilikuwa namwonea haya marehemu. Dereva aliyesifiwa mtaa mzima kwa utulivu wake, nimwambie nani kwamba amekufa kwa kuteleza mlangoni, helmeti ikiwa mkononi? Lori lilimpa heshima. Mimi nikaona niliache libaki.

Lakini sikujua kwamba lori hilo linakuvua helmeti wewe. Umelitegemea. Unaona kwamba ajali ni kitu kikubwa kinachokuja na kelele huko barabara kuu, na kwamba huku vichochoroni, kwa mwendo wa kwenda kuchota maji, uko salama. Kaka yako alifikiri hivyo hivyo mpaka akafika kwenye ukingo wa mfereji wake. Naandika haya machozi yakilowesha karatasi, utanisamehe mahali wino ulipotapakaa.

Na nikwambie jambo ambalo mjane hatakiwi kulisema. Nina hasira naye. Nikiwa peke yangu natandika kitanda namgombeza kwa sauti, namuuliza mayai ni nini. Namuuliza kama ningemfukuza endapo yangepasuka. Halafu nashika shati lake lililobaki, na hasira yote inaniishia, nabaki nalia kama siku ya kwanza. Nilimpenda sana kaka yako. Nampenda mpaka sasa.

Kuhusu mama, nakuachia wewe. Nasikia kila alfajiri anamwapiza yule dereva wa lori la bluu, na kwamba hiyo ndiyo inayompa nguvu ya kuinuka. Ukiona atalibeba, mwambie. Ukiona litamuua, acha aendelee kumwapiza mtu asiyekuwepo, haitamdhuru yeyote. Lakini wewe huna ruhusa tena ya kuliamini lori. Mama amebaki na mtoto mmoja, na huyo mtoto ana kichwa kimoja.

Basi jibu la ombi lako ni hili. Pikipiki ni yako. Njoo mwisho wa mwezi, ulale hapa, ucheze na watoto wa kaka yako. Nimeshaifuta vumbi. Ufunguo nimeuweka mimi na sitamwachia mtu. Siku ya kuondoka nitakuvalisha helmeti kwa mikono yangu, nitafunga ule mkanda chini ya kidevu mpaka nisikie kifungo chake kikilia, mbele ya wote waliokuwa na kaka yako kituoni, na ukiona aibu, ona. Hapo ndipo nitakupa ufunguo. Ukiivua ukifika kona, mimi sitakuona, wala sitakuwa na la kufanya. Nitakuwa nimesimama mlangoni, kama siku ile.

Nisalimie mama mno, mwambie namuombea magoti yake na nitamletea kitenge nilichomwahidi. Wasalimie na majirani wote wanaotukumbuka. Watoto wanakusalimu, wanasema baba mdogo aje haraka. Nimewajibu kwamba hapana, aje polepole, na aje amevaa.

Ni mimi shemeji yako,
mama wa watoto wa kaka yako