Tumekwama Lamu, Watoto Wako Kitale

Kwa Mama yangu mpendwa,

Mulembe sana, Mama. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Kimilili? Sisi wawili ni wazima wa mwili tu. Barua hii inaletwa na Mwalimu Wekesa wa Webuye, tuliyekuwa naye kwenye nyumba hii ya wageni. Yeye alikata tiketi ya ndege mapema. Sisi tuliambiwa viti vimejaa, na mabasi yakifika Nairobi hayaendi tena upande wetu tangu matokeo ya kura yatangazwe.

Unajua safari hii niliiomba mimi. Miaka kumi ya ndoa, Baba Neema hajawahi kufunga duka lake la mbegu hata wiki moja. Nikamwambia hata mimi nataka kuona bahari kabla sijafa. Tukawaacha Neema na Daudi kwa jirani yetu Mama Rispa pale Kitale, tukasema ni siku saba tu. Leo ni ya kumi na tisa.

Siku za kwanza tulifurahi, sikufichi. Tulikula samaki wa kupaka, wamechomwa halafu wakamiminiwa tui zito lenye ukwaju. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Siku ya tatu Baba Neema akauliza, "Sasa ugali ni saa ngapi?" Mwenye nyumba, Bi Zuhura, alicheka mpaka akakaa kizingitini. Kesho yake akamsongea, lakini laini kama uji wa mgonjwa. Baba Neema akaumaliza wote kwa heshima, kisha tukafika chumbani akacheka mpaka machozi. Sijawahi kumwona hivyo.

Halafu nikapiga simu kwa Mama Rispa, Neema akashika. "Mama, tulilala kanisani. Duka la Baba limechomwa. Mnakuja lini?" Ikakatika. Tangu hapo simu hiyo imezimwa, na kadi za kupigia zimeisha madukani hapa.

Mama, kisiwa hiki ni kidogo. Kila asubuhi tunatembea mpaka gatini kuuliza habari za njia, tunarudi, tunapishana na punda walewale kwenye vichochoro vilevile. Watu ni wakarimu, na hiyo ndiyo inaniumiza. Juzi Bi Zuhura alituletea wali wa nazi na kaa. Nilishika tonge, nikamkumbuka Daudi asivyolala bila chai ya maziwa, mkono ukakataa kupanda.

"Kula, mwanangu," Bi Zuhura akaniambia. "Njaa yako haiwafungulii njia."

Nikala huku nalia. Chakula kilikuwa kitamu, na nikajichukia kwa kuuona utamu wake.

Jana nilisema nitaondoka peke yangu, hata kama mwisho nitatembea kwa miguu. Baba Neema hakunikataza. Alisema tu, "Wewe kwenye vizuizi vya barabarani watakupitisha. Mimi wakisoma jina la kabila langu kwenye kitambulisho, sitapewa nafasi ya kujieleza." Nikaketi. Naogopa kumwacha hapa, na naogopa kukaa.

Kwa hivyo nakuomba, mtume kaka Simiyu akawatafute watoto pale kanisani, karibu na nyumba ya Mama Rispa, awalete kwako. Lakini akiona njia ni mbaya, arudi. Sitaki tumpoteze na yeye.

Baba Neema amekaa kando yangu nikiandika. Sasa hivi amesema, "Ongeza hapo. Njiani wakiulizwa ni watoto wa nani, waseme ni wa Simiyu. Jina langu wasilitaje."

Nimemwangalia, kalamu ikasimama.

"Si uandike, bana," amesema. "Nitakuwa baba yao tena wakishafika."

Nisalimie Baba, na wifi yangu, mke wa Simiyu. Shangazi wa Kachibora, kama kuna anayejua alipo, aambiwe namwombea kila siku.

Neema ataelewa habari ya jina mara moja. Daudi ana miaka minne tu. Kaka amfundishe polepole, kama mchezo.

Ni mimi binti yako, ambaye mwili wake uko huku na roho iko huko,
Nasimiyu