Miti Thelathini na Minane ya Fyulisi

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Nimepita mistari yote kabla ya chai. Chupa kumi na mbili juu ya miti, kila moja na machicha ya kasiksi ndani. Nzi wanapenda harufu ya pombe ya ndizi. Leo nzi wawili tu. Udongo bado mkavu, Mudaka yote inangoja mvua. Mafyulisi yana ukubwa wa ncha ya kidole gumba.

Barua ya agronomu, yule Mbelgiji wa serikali anayekagua mashamba, bado iko mezani. Mwaka jana alipasua matunda yangu, kila moja lilikuwa na funza. Ameandika kwamba mavuno haya yakioza tena, miti yote thelathini na minane itang'olewa na kuchomwa, isiambukize mashamba ya wengine. Atakuja Desemba.

Nilifundisha kilimo katika shule ya wamisionari miaka ishirini na sita, na mpaka leo watu huniita Moniteur, yaani mwalimu. Sitaki kufa nikiwa mwalimu aliyeng'olewa miti.

Jumapili, 9 Septemba

Mvua ya kwanza, jana alasiri. Kubwa.

Nimesoma daftari zangu za misimu mitatu. Kila mara ni vilevile: kiangazi hakuna nzi. Mvua inapiga, siku kumi na tano zinapita, halafu nzi wamejaa. Swali ni moja. Kiangazi wanakaa wapi?

Jumanne nilichukua udongo chini ya mti wa kwanza, nikautia ndani ya chupa ya mdomo mpana, nikafunga kitambaa juu. Tangu siku hiyo nimeinyunyizia maji kidogo kila asubuhi, kama mvua. Maman Yuliana, mke wangu, anauliza kama sasa ninapanda udongo.

Jumapili, 16 Septemba

Nimerudi kutoka misa. Ndani ya chupa: nzi saba. Wadogo, mabawa yenye mistari ya kahawia. Ni hawa.

Nimewahesabu tena: saba.

Niandike wazi, maana hapa hakuna mwanafunzi wa kunicheka. Sisi Bashi taka zote za nyumbani tunazipeleka chini ya mgomba. Maganda, majivu, matunda mabovu. Mgomba unanenepa. Ndivyo baba alivyonifundisha, na ndivyo nilivyofanya kwa mafyulisi. Kila fyulisi bovu, kila pera lililoanguka kwenye ua, nilifukia shinani, kina cha vidole vitatu. Nikajisifu kwamba shamba langu ni safi.

Lakini funza akishiba hutoka ndani ya tunda, huingia udongoni, hugeuka kidonge kigumu kama punje ya ulezi. Humo hulala mpaka mvua ilainishe ardhi. Mimi nilikuwa ninamtandikia kitanda. Miaka mitano.

Nina hasira na mimi mwenyewe. Na nina furaha. Vyote viwili.

Jumamosi, 22 Septemba

Siku sita za jembe. Nimepalilia udongo chini ya miti yote, nikafungua kuku kumi na mmoja wa Yuliana. Wanachakura, wanadonoa vidonge. Wanafanya kazi kuliko mimi.

Nimechimba pia shimo linalonifika kiunoni, mbali na miti. Kitakachoanguka kitaingia humo, kifunikwe na udongo ulioshindiliwa. Kutoka kina hicho nzi hawezi kupanda.

Mgongo unauma vibaya.

Jumatatu, 1 Oktoba

Nzi tisa ndani ya chupa zote. Mwaka jana siku kama hii walikuwa zaidi ya mia. Tisa!

Jumanne, 9 Oktoba

Thelathini na mmoja. Sielewi.

Ijumaa, 12 Oktoba

Themanini. Sasa ninaelewa. Chupa za upande wa barabara zina wachache. Chupa za upande wa Papa Cirhuza, jirani yangu, zimejaa. Mapera yake yanaiva mapema kuliko mafyulisi yangu, yanaanguka, yanalala chini mpaka yageuke uji. Nzi wanakulia kwake, halafu wanavuka ua kuja kwangu. Mafyulisi yatalainika mwezi ujao, watayakuta tayari.

Nimekwenda kumwomba ayaokote kila siku. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Papa Moniteur, weye unanyima watu kasiksi, unapatia nzi! Sasa unataka nguruwe yangu ilale njaa?"

Nikamweleza mzunguko wote, kutoka yai mpaka bawa. Akasikiliza kwa adabu.

"Iko muzuri, Papa. Lakini pera ya chini iko ya nguruwe. Tangu kwa babu."

Nimerudi. Nimeshindwa na nguruwe.

Jumamosi, 20 Oktoba

Nzi mia moja na kumi na nne. Sikulala vizuri. Yuliana amesema ninaeleza mno. Labda.

Jumapili, 21 Oktoba

Yuliana hakueleza chochote. Baada ya misa alikwenda kwa mke wa Cirhuza na chungu kikubwa. Waliokota mapera yote, wakayachemsha pamoja na maganda ya viazi vitamu, wakampa nguruwe yakiwa vuguvugu. Nguruwe alikula mpaka akalamba chungu. Akalia akitaka tena.

Funza aliyechemshwa hawi nzi. Miaka ishirini na sita ya kufundisha, na sikuliwaza hilo.

Alhamisi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Wanawake wanachemsha kila asubuhi, na Cirhuza mwenyewe anaokota, maana nguruwe ananenepa na watu wanamsifu. Nzi arobaini na wawili.

Alhamisi, 8 Novemba

Kumi na tisa. Mafyulisi yanaanza kuwa mekundu upande wa jua.

Jumatano, 21 Novemba

Mvua ya mawe. Ilipiga labda dakika kumi. Matunda mengi chini, mengine yamepasuka juu ya miti, na tunda lililopasuka ni mlango wazi kwa nzi. Nilitaka kulia. Badala yake nilichukua kikapu. Cirhuza akaruka ua bila kuitwa, na mke wake, na Yuliana. Tuliokota mpaka shimo likajaa. Cirhuza alisema mvua imetumwa na nzi. Tulicheka tukiwa tumelowa.

Jumanne, 4 Desemba

Nzi sita. Nimepasua tunda moja tu. Jeupe, safi. Nimeogopa kupasua la pili.

Jumanne, 11 Desemba

Agronomu amekuja. Hakutaka matunda niliyochuma. Alikwenda mwenyewe kwenye mstari wa upande wa Cirhuza, akachuma arobaini, akayapasua moja moja juu ya ukuta. Cirhuza alisimama uani, kofia mkononi. Mimi niliangalia kisu tu.

Matatu yana funza. Matatu kati ya arobaini!

Agronomu akala nusu ya lile la mwisho. Juisi ikamtiririka kidevuni. Akasema kwa Kiswahili chake: "Muzee, wewe nashinda. Miti nakaa." Akaichana barua yake mwenyewe. Akanipa mkono. Hajawahi kunipa mkono.

Ameomba nieleze jambo hili kwa walimaji wa Kabare. Kueleza! Mimi!

Nimeshinda. Naliandika tena: nimeshinda. Na Yuliana, na Cirhuza, na kuku, na nguruwe. Cirhuza ameimba njia nzima mpaka kwake, anadai nguruwe naye apewe mkono.

Jumapili, 6 Januari 1957

Mavuno yamekwisha. Matawi ni majani tu sasa, na ukungu umeshuka kutoka mlimani. Baada ya misa nilitembea katikati ya mistari. Sikuwa na kazi huko. Niligusa shina moja, halafu lingine. Gome lilikuwa na maji, baridi.

Yuliana ameita chakula. Nimekawia kidogo.