Kilima cha Kumsenga na Mtungi Wangu

Jumatatu, 4 Novemba
Nimemwagilia miche tangu alfajiri. Mgongo unauma. Mininga imeshika vizuri, mikuyu inasuasua. Alhamisi wafadhili wanakuja kutoka Ulaya kuona kitalu. Kilima chetu kilibaki kipara miaka ya wakimbizi, kuni zilikatwa na wa kambini na sisi wa kijijini pia. Sasa pesa za nje zimekuja kukivika miti. Kitalu nilikianzisha mimi, nyuma ya nyumba yangu. Lakini atakayeongea na wageni ni mwenzangu Godeliva. Eti Kiswahili chake kimenyooka.

Alhamisi, 7 Novemba
Alisema "kitalu changu". Nimesikia kwa masikio haya. Wamempiga picha ameshika mche wangu wa mninga. Mimi nilikuwa nyuma na ndoo. Roho imeniuma.

Ijumaa, 8 Novemba
Mbaya zaidi. Godeliva ameteuliwa msimamizi wa vitalu vyote vya mradi. Anakwenda Kasulu kufundishwa. Huyu tulivuka naye mpaka toka Burundi, wote tukiwa migongoni mwa mama zetu. Tumegawana viazi, tumegawana nguo. Cheo hakigawanyiki. Namwonea wivu, basi.

Jumapili, 10 Novemba
Kanisani kavaa kitenge kipya. Kanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye", nikaijibu miguu yake. Nyumbani nimekamua ndizi. Jumanne ni msaragambo, kijiji kizima tunapanda miti kilimani, na pombe ni zamu yangu.

Jumanne, 12 Novemba
Nimeharibu.
Mtungi niliubeba mimi mpaka kilimani. Sijautua vizuri, Godeliva akadakia: "Karibuni pombe yetu, jamani." Yetu! Nikakaa pembeni, nikakunja mikono. Huku kwetu aliyepika ndiye anayeonja kwanza, watu wamwone akimeza, ndipo mirija mingine iingie. Najua hilo tangu utotoni. Nikasema moyoni, mwenye kila kitu na aonje yeye. Hata yeye hakusogea.
Hakuna aliyesogea. Bibi Sabina kaokota jembe lake, eti tumbo linamsumbua. Mwingine kakumbuka mbuzi. Kilima kikabaki na mashimo matupu.

Jumatano, 13 Novemba
Wanasema nimetia kitu kwenye pombe. Mimi. Kitaluni hakuna aliyekuja. Wanaoteka maji wamebadili njia wasipite kwangu. Nimenyanyua viriba vya miche, mizizi imeshatoboa plastiki inatafuta ardhi. Bwana misitu kapita na pikipiki, hakuzima hata injini. Tusipopanda wiki ijayo miche inapelekwa kijiji cha Kasanda. Nimelia. Kwanza kwa ajili ya miche, halafu kwa ajili yangu.

Ijumaa, 15 Novemba
Godeliva amekuja mchana kweupe, njia ya mbele, majirani wote wakichungulia migombani. Kakaa mlangoni kwangu.
"Mama Desi, nipe ile pombe."
Nikamwambia imechacha.
"Nipe hivyo hivyo."
Nimeleta mtungi. Katoa mrija kwenye khanga, kaushika, kaningoja. Nimeonja kwanza. Chungu, siki tupu, machozi yakanitoka. Kisha kanywa yeye, mkupuo mrefu, kakunja uso. Tumecheka kidogo. Kidogo tu, sijamsamehe.
Jioni Bibi Sabina kaja kuuliza msaragambo ni lini.

Jumatatu, 18 Novemba
Tumepanda kilima chote. Nilipika pombe nyingine, nikaonja mbele ya watu mpaka wakaanza kunizomea niwaachie na wao. Mninga ule wa picha nimeupanda mwenyewe, juu kabisa. Godeliva alitaka kunisaidia kushindilia udongo. Nimekataa.
Kesho anaondoka. Kasulu kuna baridi asubuhi na yeye hana nguo nzito. Nimempa sweta langu la kijani. Sijui kwa nini.

Jumanne, 19 Novemba
Nimeamka, nimechukua ndoo, nimekwenda kitaluni. Hakuna cha kumwagilia. Kuna udongo tu na alama za viriba. Mvua ya usiku imeacha tope.
Nimekaa juu ya ndoo. Godeliva kapita na bodaboda, kanipungia mkono. Nami nikampungia.
Lile sweta limemkaa vizuri kuliko mimi.