Mtoto Anayeniita Dada

Dada Kamshat,

Sisi hapa Taraz hatujambo, na farasi wetu amezaa. Vipimo vya kukubebea mimba yako na shemeji nimepita vyote. Lilibaki sharti moja: wamwone mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nikampeleka Inkar hospitalini.

Unajua mama mkwe alimchukua tangu mchanga akamlea kama wake, kwa mila yetu ya kuwapa wazee mzaliwa wa kwanza.

"Huyu nani wako?" muuguzi akamuuliza.

"Dada yangu. Mama yuko nyumbani."

Muuguzi akanikazia macho. Nikamweleza kwamba ni mimi niliyemzaa.

"Basi kutoa wa pili hutapata tabu," akasema. "Ushazoea."

Wamenikubali. Nitakuzalia, dada. Ila mtoto akianza kusema, mfundishe aniite mama mdogo. Hata jina likiwa dogo, liwe na mama ndani yake.

Mdogo wako,
Botagoz